Kabla Sampuli Haijafika kwenye Leza: Mwongozo kwa Wahudumu wa Maabara wa Mafubira, Jinja na Mbale

Mwongozo huu ni wa mafundi sanifu wa maabara, wauguzi wanaopokea vipande vya mwili kutoka chumba cha upasuaji, wasaidizi wa utafiti, na wakaguzi wa ubora viwandani, kuanzia Mafubira na Bugembe hadi Mbale. Hadubini inayozungumziwa humu hutumia leza ya mapigo mafupi mno. Bei yake ni ile ambayo kituo cha afya hakithubutu hata kuiulizia, na mara nyingi chombo chenyewe kiko Cape Town au ng'ambo. Lakini kipande cha nyama kinachowekwa chini yake kimekatwa Jinja, kimetiwa dawa Jinja na kimeandikwa namba Jinja. Kilichoharibika hapa hakitengenezeki kule. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu chupa, kalamu na formalini, na sehemu ndogo tu inahusu leza yenyewe.

Eneo hili si geni katika habari za sampuli zinazosafiri. Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya pande zote. Wiki chache baadaye, akiwa ziarani katika hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ileile. Hapo ndipo alipoanza kuifuatilia saratani ambayo leo ina jina lake. Miaka michache baadaye vipande vya uvimbe huo vikawa vinapelekwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London, kwa Anthony Epstein. Mwishoni mwa 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu ikatua Manchester, na kipande kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka kiasi cha mtu kudhani bakteria wameingia. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliweka tone chini ya hadubini akakuta seli hai za uvimbe zikielea. Mwaka 1964 yeye, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza virusi walivyoviona ndani ya seli za namna hiyo kwa hadubini ya elektroni, ambavyo sasa vinaitwa Epstein-Barr. Ilikuwa bahati. Kazi ya maabara haipangwi kwa kuitegemea.

Leza inafanya nini

Katika hadubini ya kawaida ya mng'ao, fotoni moja ya mwanga wa bluu huigonga molekuli, na molekuli hutoa mwanga wake. Ukiongeza mwanga mara mbili, mng'ao huongezeka mara mbili. Katika hadubini ya fotoni mbili, fotoni za infraredi, ambazo kila moja ni dhaifu mno kuiamsha molekuli, hufika wakati mmoja na kuunganisha nguvu, kama wapagazi wawili wanaonyanyua gunia ambalo mmoja peke yake angeliacha chini. Hapo ukiongeza mwanga mara mbili, mng'ao huongezeka mara nne. Maria Göppert-Mayer alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1931. Halikuonekana kwa macho mpaka mwaka 1961, baada ya leza kupatikana. Mwaka 1990 Winfried Denk, James Strickler na Watt Webb wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wakaligeuza kuwa hadubini.

Kwa fundi, matokeo ya hesabu hiyo ya mara nne ni haya: mng'ao hutoka pale tu ambapo mwanga umekusanyika kabisa, yaani kwenye fokasi. Juu na chini ya hapo kunabaki giza. Kwa kuwa infraredi hupenya nyama vizuri kuliko mwanga wa bluu, picha inaweza kuchukuliwa kina cha nusu milimita au zaidi bila kukikata kipande vipande vyembamba. Lakini fotoni mbili hazikutani kwa urahisi, na ndiyo maana leza hutoa mwanga kwa mapigo. Leza ya kawaida ya kazi hii hupiga mara milioni 80 kwa sekunde, na kila pigo hudumu takriban femtosekunde 100. Ikiwa wastani wake ni wati 1, kila pigo linapopita lina nguvu ya wati 125,000. Kumbuka tarakimu hiyo utakapofika kwenye sehemu ya usalama wa macho.

Mng'ao sio mwanga pekee unaotoka. Vitu ambavyo molekuli zake zimepangwa zote zikielekea upande mmoja, bila ulinganifu wa kati, hupokea mwanga wa nanomita 800 na kurudisha mwanga wa nanomita 400 barabara. Huu ndio mwanga wa harmoniki ya pili, na hauhitaji rangi yoyote kutiwa. Kolajeni, nyuzi ngumu za ngozi, kano na makovu, hutoa mwanga huo kwa nguvu. Misuli pia hutoa. Elastini haitoi, ila ina mng'ao wake wa asili. Kuna pia harmoniki ya tatu, inayotoka kwenye mipaka kati ya vitu viwili tofauti, kwa mfano ukingo wa tone la mafuta. Na kuna mbinu ya Raman yenye leza mbili, ambayo huonyesha mafuta bila rangi kwa kufuata mtikisiko wa molekuli zake.

Mtu wa Jinja haendi mbali kutafuta vitu vya kujifunzia. Chembe za wanga wa muhogo hung'aa sana katika harmoniki ya pili, na kila chembe huonekana ina mabawa mawili yanayotazamana. Sukari ya Kakira hung'aa. Uzi wa pamba hung'aa pia, ingawa kwa udhaifu. Ngozi mbichi ya ng'ombe, malighafi ya viwanda vya ngozi vya mjini, ni kolajeni tupu. Anayepata nafasi ya kwenda kutumia chombo hiki abebe wanga wa muhogo kwenye kichupa kidogo na aujaribu kabla ya kugusa sampuli ya mgonjwa. Wanga usipoonekana, kasoro iko kwenye mashine wala si kwenye sampuli. Wakaguzi wa viwanda vya ngozi wazingatie jambo moja zaidi. Kolajeni ikipashwa moto hadi ikanywea, kwa ngozi mbichi kwenye nyuzijoto 60 hadi 65 hivi, mpangilio wake huvunjika na mwanga wa harmoniki ya pili hupotea. Ngozi iliyoungua juani au karibu na tanuri itaonekana katika picha kama doa jeusi, hata kama kwa macho bado ni nzuri.

Formalini, na chembe zinazodanganya

Kama kuna ukurasa mmoja wa kubandika ukutani, ni huu.

Katika Busoga na Bugisu watu wengi huuliza kama leza inaweza kutambua malaria. Inaweza kwa sehemu. Vimelea vya malaria vinapokula hemoglobini huacha fuwele za kahawia nyeusi ziitwazo hemozoini, na mwaka 2008 watafiti walichapisha kazi iliyoonyesha kuwa fuwele hizo hutoa mwanga mkali wa harmoniki ya tatu. Lakini vimelea vichanga vyenye umbo la pete karibu havina hemozoini, na katika malaria ya falsiparamu hivyo vichanga ndivyo vinavyoonekana kwa wingi kwenye damu ya kidole. Vilivyokomaa hujificha kwenye mishipa midogo ya viungo. Kwa mgonjwa aliyeketi kwenye benchi, Giemsa, jicho la fundi aliyefunzwa na kipimo cha haraka ndivyo vinavyotosha. Leza ina manufaa kwenye viungo: wengu, ubongo, na hasa kondo la nyuma, ambamo hemozoini hubaki muda mrefu hata baada ya homa kupona. Utafiti wa Tororo uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu dawa ya kuzuia malaria kwa wajawazito ulipima mafanikio yake kwa kutazama kondo kwa njia ya kawaida ya histolojia, bila leza yoyote.

Hapa ndipo formalini inapoleta balaa. Formalini isiyo na bafa hugeuka asidi kadiri inavyokaa. Asidi hiyo ikikutana na damu hutengeneza chembe za kahawia zinazofanana mno na hemozoini. Hata chini ya polaraiza, zote mbili hung'aa. Kondo limejaa damu. Kondo lililotumbukizwa kwenye formalini mbaya hurudi na "malaria" ambayo mama hakuwa nayo, na hakuna leza itakayoifuta dosari hiyo baadaye.

Tengeneza formalini yenye bafa hivi: formalini ya dukani, ile ya asilimia 37 hadi 40, mililita 100, maji yaliyotoneshwa mililita 900, sodiamu dihidrojeni fosfeti yenye molekuli moja ya maji gramu 4, disodiamu hidrojeni fosfeti kavu gramu 6.5. Pima pH, iwe karibu na 7. Andika tarehe kwenye jerikani. Maabara ikiishiwa na fosfeti, azima kwa jirani. Usiendelee na formalini tupu kwa kisingizio kwamba "ni kwa leo tu".

Kiasi cha formalini kiwe angalau mara kumi ya ujazo wa kipande. Formalini hupenya polepole, takriban milimita moja kwa saa mwanzoni, kisha polepole zaidi, kwa hiyo kipande kisizidi unene wa milimita 5. Kipande kinene kama ngumi huwa kimehifadhiwa nje na kimeoza katikati, na chupa haitakuambia. Kiingie kwenye formalini ndani ya saa moja tangu kukatwa. Muuguzi wa zamu ya usiku akiweka kipande kwenye maji ya chumvi "ili fundi aje asubuhi", fundi atakuta seli zimevimba. Muda wa kukaa ni saa 24 hadi 48. Zaidi ya hapo mng'ao usiotakiwa wa formalini yenyewe huongezeka, na kwa hadubini ya fotoni mbili mng'ao huo huficha ishara za asili za seli. Kolajeni haidhuriki na jambo hili. Harmoniki yake ya pili hubaki hata baada ya parafini.

Chupa ya maji ya kunywa isitumike kuweka formalini, hata ikiwa imebandikwa karatasi. Mtoto wa mgonjwa aliyelala korido hasomi karatasi.

Swali kwanza, kisha njia

Makosa mengi huanzia kwenye fomu ya maombi. Mtu huandika "leza" pasipo kueleza anatafuta nini, na mtayarishaji hujichagulia njia. Anayetafuta mafuta ndani ya seli za ini akapewa slaidi ya parafini amepewa ini lililokwishaoshwa mafuta yote kwa alkoholi na zailini. Mafuta yanahitaji kipande kilichohifadhiwa bila alkoholi, kikakatwa kwa kugandishwa au kwa wembe unaotikisika. Anayetafuta makovu, kinyume chake, afurahie parafini: bloku husafirishwa bila kimiminika, haivuji, wala haioni haya kukaa wiki mbili kwenye sanduku.

Makovu ya ini ndiyo mada yenye maana zaidi kwa pwani ya Ziwa Victoria upande wetu. Kichocho cha tumbo, kinacholetwa na minyoo ya Schistosoma mansoni, huacha mayai kwenye ini, na mwili huyazungushia kolajeni mpaka mishipa ya ndani inakuwa na kuta nene. Harmoniki ya pili hupima kolajeni hiyo kwa tarakimu badala ya kukisia "kidogo, wastani, nyingi", na njia hiyo imekwisha kutumika sana katika utafiti wa magonjwa mengine ya ini. Hata hivyo, mgonjwa wa kichocho wa Mayuge au Jinja hachomwi sindano ya ini ili tupate picha nzuri. Altrasaundi huonyesha makovu hayo bila kumtoa damu. Leza itumike kwenye vipande vilivyotolewa kwa sababu za tiba au vilivyoko tayari kwenye hifadhi ya bloku. Mtafiti yeyote akija na pendekezo tofauti, mwulize kamati ya maadili imesema nini, na uombe kuiona barua.

Kwa vipande vya ngozi ya binadamu kuna jambo ambalo miongozo mingi ya ng'ambo hulipitia juu juu. Melanini hufyonza mwanga na kupata joto haraka. Kiwango cha nguvu kilichowekwa kwa ngozi nyeupe kinaweza kuunguza tabaka la juu la ngozi nyeusi, kutoboa matundu yanayofanana na ugonjwa, na kuleta mng'ao wa kupofusha kigunduzi. Andika kwenye fomu kwamba sampuli ina melanini nyingi, na uombe waanze na miliwati chache wakipanda taratibu. Hemozoini nayo hupata joto kwa namna hiyohiyo. Usiogope kuonekana unamfundisha mwenye mashine kazi yake, ndiye atakayekushukuru.

Slaidi, kalamu, safari

Andika kwa penseli kwenye sehemu iliyokwaruzwa ya slaidi. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye alkoholi na mwingine hung'aa chini ya leza kuliko sampuli yenyewe. Tumia kifuniko cha kioo chenye unene wa milimita 0.17, kile kinachouzwa kama namba 1.5, kwa sababu lenzi nyingi zimetengenezwa kwa unene huo. Ukiziba kingo kwa rangi ya kucha, iwe isiyo na rangi. Kila slaidi iliyopakwa hematoksilini na eosini iambatane na ndugu yake isiyopakwa kitu, iliyokatwa mara baada yake, kwa sababu eosini hung'aa sana na huzidi ishara za asili. Upande mmoja wa kipande upakwe wino mweusi wa histolojia kabla ya kukatwa, na mchoro mdogo uonyeshe upande huo ulikuwa wapi mwilini. Mwanga wa kolajeni hubadilika kulingana na mwelekeo wa nyuzi. Bila alama hiyo, picha mbili za mgonjwa mmoja haziwezi kulinganishwa.

Kwa kipande kisicho na parafini, osha formalini, hamishia kwenye maji ya chumvi yenye bafa, na uweke kwenye friji ya kawaida. Kukigandisha kwenye friza ya nyama hupasua seli. Funga kwa tabaka tatu: chupa isiyovuja, mfuko wenye kitu cha kunyonya, kisha sanduku gumu. Boda akipewa sanduku hilo saa saba mchana kulipeleka stendi, aambiwe lisikae juani, na apewe namba ya simu ya anayelipokea.

Hakuna kipande cha binadamu kinachotoka nchini kwa ajili ya utafiti bila idhini. Kamati ya maadili ya taasisi huanza, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, pamoja na mkataba wa kuhamisha sampuli unaosema nani anamiliki kilichobaki na picha zitatumikaje. Jina la mgonjwa lisisafiri. Isafiri namba, na daftari la majina lifungiwe Jinja au Mbale. Wanaotafuta chombo barani waanze na Africa Microscopy Initiative katika Chuo Kikuu cha Cape Town, inayopokea maombi ya watafiti wa Afrika. Kabla ya kutuma, waulize kwa barua kama mbinu unayoitaka ipo kwenye mashine zao. Walioko Mbale wana Kitivo cha Sayansi za Afya cha Chuo Kikuu cha Busitema papo hapo mjini, na ni busara kuomba pamoja nao kuliko kila mtu peke yake.

Ukifika kwenye chumba cha leza

Leza hizi ni za daraja la 4, la juu kabisa kwa hatari. Mwanga wa nanomita 800 huonekana kama wekundu hafifu au hauonekani kabisa, kwa hiyo kope halifumbi kujikinga. Mwale uliorudishwa na pete au saa ya mkononi unatosha kuharibu jicho daima. Vua vyote kabla ya kuingia. Miwani ya kinga iwe ya wimbi linalotumika siku hiyo. Miwani ya kijani iliyookotwa mezani si kinga. Usiiname macho yakawa usawa wa meza, na usitazame kwenye lenzi za macho mpaka shata imefungwa na mwenye chumba amethibitisha kwa sauti.

Kwa wanaofikiria kuleta chombo kama hiki kwetu: leza za zamani za titani na yakuti hutaka maji ya kupoza, hewa kavu, joto lisilobadilika na muda wa kutulia kila zinapowashwa. Mji wetu una bwawa la Nalubaale, lililozinduliwa kama Owen Falls mwaka 1954, na bado umeme hukatika. Leza za nyuzi za kioo huvumilia zaidi. Hata hizo zinunuliwe pamoja na betri za kushikilia umeme na mkataba wa matengenezo. Bila mkataba, kataa hata ukipewa bure.

Picha zikirudi

Rangi za picha ni za kompyuta. Kijani kinaweza kuwa kolajeni katika picha moja na seli katika nyingine. Usisome picha isiyo na maelezo ya wimbi la leza, nguvu kwenye sampuli, kina, vichujio na mstari wa kipimo. Ukiambiwa "hii ni harmoniki ya pili", uliza kama walibadilisha wimbi: mwanga wa kweli wa harmoniki hufuata na kubaki nusu ya wimbi jipya, wakati mng'ao hubaki pale pale ulipokuwa. Uliza pia kama mwanga uliongezeka mara nne nguvu ilipoongezwa mara mbili. Ukiongezeka pungufu ya hapo, huenda kuna taa inayovuja chumbani au kigunduzi kimeshiba.

Omba faili ghafi, sio picha za kuwekwa kwenye ripoti peke yake, na zihifadhiwe kwa namba ileile iliyoko kwenye daftari la kupokea sampuli. Bloku iliyobaki irudishwe au iteketezwe kama mkataba ulivyosema, na fundi aliyeikata atie saini kwenye daftari siku hiyo hiyo.